Mbwa Aliyebaki Nyumbani Wakati wa Matanga

Mpaka leo sipendi kusikia muntu akisema: ni mbwa tu. Hiyo maneno niliisikia Liège, ndani ya nyumba ya matanga, na nusura ivunje nyumba yangu. Mimi sikusoma sana, shule yangu iliishia mapema kwa sababu mama yangu alikuwa na watoto wengi na muntu wa kuwabeba alikuwa mimi. Donc nitaandika vile ninavyosema, na nikipotea njia munisubiri, nitarudi.

Kwetu Bukavu mbwa hana mambo mengi. Analala nje, anakula bugali iliyobaki, anabweka, anazeeka, siku moja humuoni tena. Nilipofika Brussels, mwanzo wa ile miaka ya tisini, niliona mbwa amevaa koti, nikamuambia bwana yangu tumeingia inchi ya wazimu. Nilikuwa ninasafisha nyumba ya madame mumoja kule Uccle, ile mitaa ya miti mingi na watu wachache. Mbwa ya yule madame ilikuwa na kitanda chake, na kile kitanda kilikuwa kizuri kupita chetu. Sisemi kwa wivu. Madame alikuwa muzuri, alinipa mashuka yake ya zamani, moja ninayo mpaka leo.

Bon. Sisi tulikuwa tunakaa Forest, mutaa wa Brussels, étage ya pili, juu. Chini yetu kulikuwa muzee Mubeleji, peke yake na mbwa, aliyezeekea kwenye fabrike ya magari. Alikuwa Muflama, French yake ilikuwa mubaya kama yangu, kwa hiyo tulielewana. Alipoanguka mara ya pili, mutoto wake wa kike akamutafutia nafasi kwa nyumba ya wazee, na kule mbwa haziingizwi. Siku ya kuondoka akapanda mpaka kwetu na mbwa kwenye kamba, akalia. Muntu muzima, muzungu, analia kwenye mulango wetu. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hapana. Bwana yangu akanyoosha mukono, akashika kamba.

Nilifunga kinywa. Ule mukono haukuwa umenyooka kwa kitu chochote tangu miezi mingi.

Hapa lazima nieleze, kama si hivyo mutasema ni hadithi ya mbwa. Vita ilipoingia kwetu, simu ya nyumba yetu ilikuwa inaleta maiti. Ilileta kaka yake mukubwa. Ikaleta mudogo wake. Ikaleta watoto wa kaka. Mama yao, hakuna aliyejua kama yuko porini ao chini ya udongo. Bwana yangu akaacha kutoka, akaacha kunyoa. Alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha na koti mwilini, kama muntu wa kuondoka, na haondoki. Ukimuongelesha anakuangalia kama vile muntu anaangalia tram isiyo yake. Mimi nikitoka kazini nilikuwa ninazungusha ufunguo polepole, kwa sababu nilikuwa ninaogopa nitamukuta namna gani. Hiyo sikumuambia muntu, hata pasteur.

Mbwa njo alimutoa pale. Mbwa hana huruma. Akitaka kukojoa anataka kukojoa, hajui kama umefiwa. Siku za kwanza walikuwa wanashuka mpaka kwenye pembe ya barabara tu, wanarudi. Kisha wakafika kwenye ile busitani kubwa ya Forest, ile iliyopanda kilima. Kisha bwana yangu akaanza kurudi na maneno: leo papa amekimbiza bata, leo papa amegombana na mbwa ya Muitaliano. Papa ilikuwa mbwa. Kwetu unamuita hivyo mutoto wa kiume unayemupenda, na yeye alikuwa anamuita hivyo mbwa, nami nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ananyoa tena. Nilijua kitu kimoja, na nilikijua sawasawa: huyu mbwa akienda, bwana yangu atarudi kwenye kile kiti, na safari hii hatatoka.

Halafu mama mukwe akapatikana. Simu ilitoka Nairobi, na safari hii ilikuwa na muntu muzima ndani yake. Alikuwa ametembea pori lote, sitasema njia gani kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuisema. Watu wa kanisa walihangaika na makaratasi, mwishowe akafika, akitokea Paris na train, akashuka Gare du Midi wakati wa baridi kali na sandali miguuni. Muzigo wake wote ulikuwa kitenge kimoja kimefungwa mafundo. Nilitaka kumubebea, akanipiga kwenye mukono. Si kwa nguvu. Lakini alinipiga.

Nyumbani alifika mpaka mulango wa salon akasimama. Mbwa alikuwa kwenye tapis, anatikisa mukia.

"Hii inafanya nini ndani?"

"Njo mutoto wa nyumba, Maman," bwana yangu akasema, anacheka. Miaka mingi sikuwa nimemusikia akicheka vile.

Mama hakucheka. Alikaa na miguu juu ya kiti, na ile kukaa ikawa kukaa kwake. Mbwa akipita, anavuta kitenge. Hakumupiga hata siku moja, hakumutukana. Alikuwa anamuangalia tu, vile muntu anaangalia maji ya mto yakipanda. Na swali lake lilikuwa moja, aliliuliza asubuhi, akaliuliza tena kesho yake:

"Mukitoka wote, anabaki na nani?"

"Peke yake, Maman. Amezoea."

"Peke yake," anasema, na anatikisa kichwa.

Mimi nilifikiri ni mambo ya uzee. Wazee wetu wakifika Ulaya wanauliza hata lift inalala wapi.

Sasa, kule Liège kukafa mama mumoja wa kwetu, ugonjwa. Yeye njo alitupokea sisi siku tulifika Ubeleji, tulilala kwake chini na watoto wake. Muntu kama yule akifa, hauendi kusalimia na kurudi. Unaenda, unakaa, unapika, unalia, mpaka azikwe. Wazungu hawaelewi. Madame wa Uccle aliniuliza, ni dada yako? Nikasema hapana. Ni shangazi? Hapana. Akanipa ruhusa, lakini niliona ananihesabu kati ya wavivu.

Na kwenye matanga haupeleki mbwa. Hata bwana yangu alijua hiyo. Watu wanalala chini kwenye matelas, mbwa atapita wapi? Alors, ikabidi abaki, na ilikuwa mara ya kwanza abaki usiku mzima bila sisi.

Vile bwana yangu alitayarisha ile nyumba, sikumuona akitayarisha hivyo hata kwa kuzaliwa kwa mutoto wetu wa kwanza. Yote alikuwa amefundishwa na muzee wa chini. Maji aliyatia kwenye sufuria nzito ya bugali, kusudi mbwa asiipindue. Pubelle ya takataka aliishusha chini. Nyuzi za taa na za televizyo alizipandisha juu, chokola ya watoto akaifungia kabatini, kwa sababu muzee alisema chokola inaua mbwa, na mimi sikuamini mpaka madame wa Uccle akaniambia ndiyo. Jikoni akafunga. Pull yake, ile sweta hajafua, akaiweka chini karibu na shofaji, kile chuma cha joto, kusudi mbwa awe na harufu yake. Radio akaiacha inaongea Kiflama, sauti ya chini, kwa sababu mbwa alikua na hiyo lugha. Ufunguo akamupa jirani Muespanyol wa rez-de-chaussée, chini kabisa, mama muzuri, mujane, atamushusha uani asubuhi na jioni na kumupa chakula chake. Alimueleza yote, akarudia, Muespanyol akamuambia: "Monsieur, nimelea watoto saba."

"Na wakati wa kuondoka," bwana yangu akatuambia sisi, "hakuna kumuaga. Ukimuaga anajua."

Mama mukwe alikuwa anaangalia yote hiyo kutoka kwenye kiti chake.

Tulitangulia sisi wawili na train ya asubuhi, siku ya samedi, Jumamosi, kwa sababu mimi nilikuwa wa kupika. Watoto walikuwa kwa dada yangu. Mama angekuja baada ya midi na gari la mamans wa kanisa, pamoja na sufuria kubwa. Donc muntu wa mwisho kutoka ndani ya ile nyumba alikuwa yeye.

Liège tulipika. Matanga ni kazi, wasiojua wanafikiri ni machozi tu. Jioni bwana yangu akaomba simu ya nyumba, akamupigia Muespanyol. Mbwa muzima, ameshuka, amekula, amelala juu ya pull. Bwana yangu akarudi jikoni uso umefunguka, na wamama wakamuangukia na mizaha.

"Papa, umepigia mbwa simu?"

"Ndiyo."

"Alidécrocher simu mwenyewe?"

"Alikuwa na kazi nyingi, secrétaire wake njo alijibu."

Jikoni kote tukacheka mpaka mumoja akamwaga mafuta. Kwenye matanga watu wanacheka, hakuna kosa, marehemu mwenyewe alipenda kucheka. Mama mukwe alikuwa kwenye pembe, anachambua sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa letu, anavunja vichwa. Hakuinua macho.

Kesho yake, dimanche, tulikuwa pale pale, mimi na yeye, wengine wako salon wanaimba. Nikasema kusudi nimufungulie roho:

"Maman, mutoto wenu anamupenda sana yule mbwa. Mumuzoee kidogo, kwa ajili yake."

"Musimuhangaikie tena," akasema. "Ile kazi nimeshaimaliza."

"Kazi gani?"

"Ya panya."

"Panya gani, Maman? Hatuna panya."

"Nyumba ikibaki bila watu, panya zinaingia." Akavunja kichwa cha sambaza. "Nimetega bugali ya dawa kwenye pembe zote. Na unga wa sambaza ndani, kusudi inukie."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji, na yale maji niliyasikia yakigeuka baridi. Bugali. Yule mbwa nilimulea mimi na bugali, kila jioni nilikuwa ninamukatia kipande. Hakuna mbwa mwingine Forest nzima aliyekuwa anajua bugali, yeye tu.

Nilimuita bwana yangu kwenye couloir, nje ya jiko, nikamuambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishika simu, ikaita, ikaita. Muespanyol dimanche anaenda misa, kisha anapitia kwenye soko la Gare du Midi kununua samaki na mizeituni, nilijua. Akapiga tena. Mwenye nyumba akaanza kutuangalia, kwa sababu simu ya matanga inangojewa na watu wa Kinshasa na wa Bukavu. Bwana yangu akaweka simu, akachukua koti.

Muzee wa familia akasimama kwenye mulango. "Papa, unaenda wapi? Hatujazika."

"Ninarudi Brussels."

"Kuna nini Brussels?"

"Mbwa yangu."

Wimbo wa salon ukakatika. Ndipo muntu akasema ile maneno, tena bila ubaya, akashangaa tu: "Lakini ni mbwa tu." Mama mukwe alikuwa amesimama nyuma yao na sahani ya sambaza mikononi, na macho yake hayakuwa macho ya muntu aliyetega panya. Nilimuangalia vizuri. Alikuwa anamuogopea mutoto wake, vile unamuogopea muntu anayeingia ndani ya nyumba inayowaka.

Kule Liège mpaka leo wanatuita wale waliokimbia maiti kwa sababu ya mbwa. Watuite.

Kwenye train bwana yangu aliongea mara moja tu. Alisema: "Anapenda bugali," na akageuka kwenye dirisha. Inchi yote ilikuwa tambarare, nyeupe ya ukungu, ng'ombe zimesimama pale kama zimesahauliwa. Mimi nilikuwa ninaomba, lakini nikaona haya mbele ya Mungu, kumuombea mbwa wakati nimeacha marehemu. Kisha nikaona siombei mbwa.

Gare du Midi ilikuwa soko. Wale waliokaa Brussels wanajua, dimanche hakuna kupita: kuku za kuchoma, mazulia, wamama na vigari vyao, watu wa Morocco wanaita bei ya machungwa. Bwana yangu alikuwa anasukuma watu, yeye aliyekuwa anaomba pardon hata kwa nguzo. Tram ilikawia. Tukateremka kabla ya kituo chetu, tukakimbia.

Muespanyol alikuwa kwenye mulango wa chini, ndiyo anarudi, kapu la samaki mukononi. Alipotuona alifurahi.

"Mumerudi mapema! Amelala vizuri, msiwe na wasiwasi. Na zile boulettes zenu za Afrika, vile vitonge, masikini, hakuzigusa, zilikuwa zimetawanyika kwenye pembe. Asubuhi hii nimeziokota zote, nikamutilia kwenye sahani yake."

Bwana yangu akamuuliza: "Amekula?"

"Amekula, amekula! Si zote. Nyingine ameacha."

Yule mama wa watu. Alipoelewa, kapu lilianguka, samaki zikaenda chini kwenye carrelage, na hakuziokota.

Juu, mbwa alitupokea vizuri kabisa. Njo hiyo iliyonitisha. Aliruka, alilamba, alizunguka, radio inaongea Kiflama chake. Kwenye sahani zilibaki boulettes kidogo, zimefinywa vizuri, ndogo ndogo, alama ya vidole vya mama juu yake. Bwana yangu alipiga magoti, akamufungua mbwa kinywa, akaangalia ndani kama muntu anayeangalia kisima.

Muespanyol alipiga simu huku na huku kutafuta veterineri wa dimanche, daktari wa wanyama, akapatikana mumoja Uccle, akatulipia taxi, mimi sikuweza kumuzuia. Yule daktari alikuwa kijana, mikono misafi. Alimutapisha mbwa, akamupiga sindano. Akauliza: sumu gani? Iko wapi boîte, ile kopo yake? Kila sumu na dawa yake, bila jina anatibu kipofu. Nikaomba simu, nikaita Liège. Walimuleta mama.

"Maman, ile dawa inaitwa namna gani?"

"Haina jina."

"Muliinunua wapi?"

"Niko nayo tangu njiani."

"Njia gani?"

"Njia yote," akasema, na akaweka simu.

Ndipo nilikumbuka vile alinipiga mukono pale Gare, sababu ya kitenge.

Daktari alisema kuna sumu zinazoua siku ileile, na kuna zinazongoja. Zinakaa ndani, munyama anacheza, anakula, na damu yake inageuka maji. "Mukiona damu, popote, mumulete upesi." Basi tukarudi nyumbani kungoja damu.

Munajua kuishi vile ni nini? Mbwa anakuletea mupira, na wewe unamuangalia fizi. Bwana yangu hakurudi kwenye kiti, alikaa chini, mugongo kwenye shofaji, koti mwilini. Mbwa akisinzia, anamuwekea mukono kwenye mbavu. Hakunyoa. Mimi nilienda kazini Uccle, nikasafisha madirisha ya madame, na kila dirisha niliona ndani yake bwana yangu vile alikuwa zamani. Jioni nilianza tena kuzungusha ufunguo polepole.

Kisha walizika kule Liège, na gari la kanisa likamurudisha mama. Alipanda escalier peke yake. Alipofika kwenye mulango wa salon, mbwa aliinuka kumupokea, na pale pale pua yake ikaacha tone kwenye linoleum. Jekundu. Halafu lingine. Mama aliyaona, sisi tuliyaona, mbwa peke yake njo hakuelewa, akayanusa.

Bwana yangu alikuwa ameshamubeba kwenye mikono. Alisema polepole: "Maman, hii nyumba haina panya."

"Najua," mama akasema.

Hakutoa koti. Alisimama pale na akaongea, na ndiyo siku ya kwanza alituambia kitu juu ya njia ile.

"Tulipokimbia, watu waliacha mbwa zao. Wengine walizifungia ndani, wakazitilia maji, wakazitilia chakula, kama wewe. Walifikiri watarudi kesho. Sisi tulirudi. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Zile mbwa nilizikuta. Za majirani, papa. Zilikuwa zinajua jina langu. Sisi wote tulikuwa mifupa, na zile mbwa zilikuwa zimenona." Akamuangalia mbwa. "Maiti zilijaa njia, na wa kuzizika hakuna. Zilijifunza pale. Kisha zikaanza kutufuata sisi wazima, sababu ya watoto. Wamama tulikuwa tunafinya bugali na sumu, tunaizungusha pale watoto wamelala. Njo tulivyofika wachache. Mbwa anayebaki na watu ni mbwa. Anayebaki peke yake kwenye nyumba isiyo na watu, haukuti tena yule uliyemuacha. Nilikuona ukimutayarishia ile nyumba. Nilisema, atarudi, na kile kitu kitakuwa kinamungojea ndani. Na mimi nimebakiwa na mutoto mumoja."

Bwana yangu alipita karibu yake na mbwa kwenye mikono, damu kwenye mukono wa koti, akashuka. Niliwaza: huyu hatamusemesha tena mama yake. Atamulisha, atamuvalisha, atamuzika, na hatamusemesha.

Veterineri alimupa mbwa sindano nyingine, na vidonge vya kumeza majuma mengi. Sasa alijua ni sumu ya aina gani, damu ilimuambia. Mbwa alikonda, alilala, alikojoa ndani, jambo hajafanya hata siku moja, na akaona haya. Wamama wa kanisa walikuja kuniambia, tumuchukue mama akae kwetu kidogo, Anderlecht, mupumue. Nilitaka kukubali. Lakini bwana yangu njo angesema, na yeye hakuwa anasema. Alikuwa amerudi kwenye kiti cha dirisha.

Asubuhi moja mbwa akaamka, akatembea akiyumba mpaka kwenye kile kiti, akakwaruza goti la bwana yangu. Alitaka kushuka. Bwana yangu akamuangalia. Akasimama. Nilisikiliza mpaka mulango wa chini ukafunguka.

Alipona. Nasema sasa hivi, kusudi musihangaike. Lakini kupona si mwisho wa maneno, kwa sababu baada ya majuma kidogo bwana yangu akaitwa kazini, kule kule Forest, kusafisha dépôt, ile stoo kubwa, kazi ya kweli na contrat, aliyoingoja tangu tulipofika. Ilikuwa lazima aende. Mimi niko Uccle, watoto shuleni. Ndani watabaki mama na mbwa. Nilimuambia bwana yangu, mbele ya mama, hakukuwa na pa kujificha: tumupeleke mbwa kwa Muespanyol mchana, ao mama aende Anderlecht.

"Mimi siendi," mama akasema. "Na mbwa haendi. Musimuache peke yake, hiyo tu njo nilisema tangu mwanzo. Mimi nitabaki naye."

Bwana yangu akamugeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya damu. "Maman. Ile dawa."

Alifungua fundo la kitenge. Ilikuwa karatasi ndogo, imekunjwa, nyeusi ya jasho. Akamuwekea mutoto wake mukononi. Bwana yangu akaipelekea veterineri, hakutaka hata kuitupa. Mimi, nitasema ukweli, siku mama alikuwa anaoga nilifungua mafundo mengine yote. Kulikuwa sindano ya kushonea, kiatu cha mutoto kimoja, chumvi. Nikafunga tena vile nilivyokuta. Na sikutulia.

Siku ya kwanza ya kazi tulitoka pamoja. Bwana yangu alitayarisha yote, maji, nyuzi, radio. Alitaka kufunga mulango wa chumba cha mama, kusudi kila mumoja akae upande wake. Mama akamuzuia.

"Acha wazi. Ukitufunga, atakuwa peke yake."

Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu, mbwa kwenye tapis. Walikuwa wanaangaliana. Hakuna hata mumoja aliyegeuka sisi tukitoka.

Ile siku nilivunja sahani ya madame. Aliniuliza kama ni mugonjwa, nikasema ndiyo. Jioni nilimukuta bwana yangu kwenye barabara, mbele ya nyumba, alikuwa amefika kabla yangu na hakupanda. Alikuwa anaangalia dirisha letu. Hakukuwa na taa. Tulipanda pamoja, na kwenye mulango alishika ufunguo, akautazama, akaurudisha mufukoni. Akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Hakuna kitu. Hata radio haikusikika.

Akapiga tena. "Maman?"

Niliweka sikio kwenye ubao wa mulango.

Halafu sauti ya mama, kutoka ndani ya salon: "Ni nani?"

"Ni sisi, Maman."

"Sema tena."

"Ni mimi. Mutoto wenu."

"Subirini," akasema. "Tunakuja."

Na tukasikia sandali zikivutwa kwenye linoleum, polepole, na kucha za mbwa karibu nazo.